Sikio la Ukutani

Msimu ukifika nusu, sikio la ukutani huwashwa katika kila nyumba ya mashabiki wa timu ya chuo. Tunayosema sebuleni ndiyo yanayoamua nani abaki kikosini, na anayetemwa kikosini anafukuzwa chuoni pia.

Jumamosi ile majirani walijaa kwetu. Semboja, fundi baiskeli, ndiye aliyeanza.

"Mbele tunatisha. Mawinga wana mbio, penalti hatukosi. Shida yetu iko nyuma."

"Nyuma wapi?" nikauliza huku nikimimina chai.

Wakatazamana. Beki wa kushoto ni Mavura, mwanangu.

"Mavura anajitahidi, shemeji," Semboja akasema kwa adabu. "Tena sana."

Mume wangu hajawahi kumsifu mtoto wake mbele ya wageni, kwa kuogopa husuda. Akacheka.

"Usimpambe bure, Semboja. Yule ni mzigo tu. Hata kurusha mpira hajui."

Wageni wakacheka, wakamkatalia, kama ilivyo desturi. Ukutani taa ya sikio ikawaka kijani, neno limenaswa. Neno la mzazi huzidi maneno ya wote, kwani nani amjuaye mtoto kuliko mzazi?

"Baba Mavura," nikanong'ona, "sema ulikuwa unatania!"

Akaugeukia ukuta. Taa ilikuwa imeshazimika.

Jumatatu Mavura alirudi na begi lake.

Leo wageni wamekuja tena. Mdogo wake Mavura, Mwanahawa, alipoleta maji, baba yake alimsifu kwa sauti kubwa, macho yake yakiwa ukutani. Hakuna aliyecheka.