Kikombe cha Nekoye

Akeyo alipoketi, benchi lote likasogea. Wanawake watano wenye watoto mgongoni wakabanana ukutani kama waliomwagiwa maji ya moto. Si walijua? Bondeni nzima ilijua.

"Mwezi huu ameanguka mara ngapi?" akauliza Wamalwa, dresa wa zahanati. Alikuwa mtu mwema, lakini sauti yake, jamani, ilifika barabarani.

"Mara tatu," mama akajibu upesi.

Wamalwa akaandika. Akamshika Akeyo kidevu, akamgeuza uso huku na huku. "Watu wa kifafa huwa na makovu. Wewe Mungu amekuhurumia. Sasa mbona umekonda hivi? Unakula?"

Akeyo akatazama miguu yake. Alikuwa na miaka kumi na tano.

"Hali, wala hapati usingizi," mama akasema, na machozi yakamtoka hapo hapo. "Tangu mwalimu amkataze shule hajacheka. Siku nzima amejilaza anaangalia ukuta. Juzi ameniambia afadhali asingezaliwa."

"Mama, dawa ya kuanguka ninayo. Ya huzuni sina." Wamalwa akafunga vidonge kwenye karatasi. "Na kila mwezi umlete mwenyewe. Mgonjwa nisiyemwona simpi dawa."

Wakarudi nyumbani kwenye kwota za reli. Mlangoni pake alisimama Nekoye, jirani yao. Siku habari zilipotoka, huyu alimpa Akeyo chai, kisha akamwambia kwa upole, "Nenda nacho hicho kikombe, mama, kiwe chako." Upole gani huo! Leo alimvuta mtoto wake ndani, akafunga mlango.

"Mama, nimechoka," Akeyo akasema. "Nataka kurudi shule."

"Najua, mwanangu."

Kujua hakukusaidia kitu. Nyumba ilikuwa ya reli, vitanda vya reli, hata bomba la maji lilikuwa la reli. Juzi tu mzungu wa steshenini alimwachisha Kiprugut, jirani yao mwingine, kazi ya reli kwa ajili ya jicho moja bovu, na kufika jioni watoto wake walikuwa nje na masufuria yao. Mama angemwambia nani, na angeanzia wapi?

Saa kumi baba, Owino, akarudi kutoka kazini, ambako kazi yake ilikuwa kubadilisha njia za treni. Alikuwa amefungwa kitambaa kichwani. Wenzake aliwaambia amegongwa na mlango wa behewa. Akaketi bila kumwangalia binti yake. Siku hizi hakuweza kumwangalia.

Mama akafunga mlango, akavuta pazia.

Akeyo akachukua kikombe cha Nekoye, akakijaza maji. Akafungua karatasi ya Wamalwa, akatoa vidonge viwili, akaviweka kwenye kiganja cha baba yake.

"Meza, baba," akasema.