Daktari Aliyelishwa Benchini

"Fungua mdomo, Nabila. Huendi kukata watu na tumbo tupu!"

Daktari akafungua mdomo kama kifaranga, palepale kwenye benchi nyuma ya wodi, wagonjwa wanacheka. Mama akamtia tonge la matoke lililochovywa kwenye malewa ya karanga. Machipukizi yale ya mianzi daktari hakuyapenda hata kidogo. Akameza.

Mama akabadili lugha, akammiminia Kigisu. Daktari akajibu kwa Kiswahili: ndiyo mama, sawa mama.

"Mmemwona huyu?" mama aliwaambia wagonjwa. "Kasoma mpaka kaisahau lugha ya nyumbani!"

Ndiyo yalikuwa mambo ya kila mchana. Mama alitoka Namatala kwa miguu, bakuli kalifunga kwenye leso, inyeshe isinyeshe.

Leo daktari alikuwa na neno la kumwambia. Hamu ya kazi hii ya Mbale ilikuwa imemwisha. Zamani aliingia kupasua huku akiimba. Siku hizi ilibidi aitwe mara mbili ndipo ashike kisu, na hata mgonjwa akipona akashukuru, moyo haukupokea. Hospitali moja ya Jinja ilimtaka akafundishe tu, asipasue tena. Walingoja jibu leo hii.

"Safari hii usikatae," Dokta Masaba, mwenzake wa wodi, alikuwa amemsihi asubuhi. "Hapa utakufa umesimama."

"Mama," daktari alianza, "nikienda Jinja..."

Mkono wa mama ukakwama hewani. "Uende? Na mimi nimpikie nani?"

Tonge likaanguka vumbini. Mama akainama kulitafuta, anapapasa, midomo inamcheza, mtu mzima yule, mpaka wagonjwa wakageuza nyuso.

"Siendi, mama. Nilikuwa nakutania."

Akapiga simu Jinja, akakataa. Masaba alisikia, akatikisa kichwa, akaacha kumsihi, maana naye alikuwepo siku ile: siku daktari alipotoka chumba cha upasuaji, glavu bado mikononi, kumwambia mama huyu kwamba binti yake Nabila amekufa mezani. Mama alimtazama usoni, akamfuta jasho kwa kiganja, akasema, "Nabila mwanangu, mbona umechelewa kutoka?"

Naye akaitika.