Gari la Baba Mkwe

Oili ya difu ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, na fundi akajua harusi yake imeahirishwa tena.

"Maji yameingia," alisema, akiwa bado amelala chini ya kigari, akiitazama difu, lile boksi la meno linalozungusha tairi za nyuma. "Mjomba, huyu mzee anaendesha gari au anavua samaki?"

Mjomba wake, aliyesimama kando na nundu mbichi kwenye paji la uso, alikohoa. Akasema mkwe hakumweleza chochote, na mkwe haulizwi maswali. Ile nundu, alisema, ni kabati la jikoni.

Mambo yalianza vizuri tu. Mjomba alikuwa ndiyo kwanza amestaafu, ana muda tele wa kushughulikia mambo ya familia, kwa hiyo yeye ndiye aliyetumwa kumposea fundi mchumba. Alikwenda kwa basi. Kesho yake akarudi akiendesha kigari cha fowili, kile cha kuvuta kwa tairi zote nne, kifupi, cha milango miwili, matope mpaka juu ya paa. Alieleza kwamba posa haikukataliwa, ila baba wa binti ana sharti: atakayemwoa mwanawe lazima awe mtu anayejua kutunza kitu. Gari lake ndilo hilo. Siku litakapopanda kilima cha machimbo ya kokoto na kushuka bila kuvunjika kitu, ndiyo siku ya kuzungumza harusi. Kabla ya hapo, kijana asionekane hata kwenye barabara ya kwao.

Binti mwenyewe alifanya kazi kwenye duka la dawa, na fundi alimpenda kiasi kwamba alikuwa akinunua dawa za kikohozi bila kukohoa. Akakubali palepale.

Tangu hapo, kila wiki kigari kilirudi gereji na ugonjwa mpya. Kwanza ilivunjika kros, yale maungio ya propela. Halafu sahani ya klachi ikaungua hadi majirani wakauliza nani anachoma mpira. Halafu ekseli ya nyuma ikakatika vipande viwili. Fundi alishika kichwa. Alimwona baba mkwe akilini mwake: jitu la mabega mapana, lenye mguu wa kulia mzito kama nanga.

Kwa kuwa hakuruhusiwa kumkabili, somo alilipitishia kwa mjomba. Amwambie mkwe asikanyage mafuta tairi ikiwa hewani, kwa sababu ikishuka kwenye mwamba huku inazunguka, cha kwanza kukatika ni ekseli. Fowili aingize kabla ya matope, si akishazama. Na mguu asiupumzishe juu ya klachi, ile si stuli. Mjomba alisikiliza kwa makini ya ajabu, midomo ikimchezacheza kama anayekariri. Akauliza, je, na kama mkwe amekwama juu ya jiwe, nyuma shimo, mbele shimo? Fundi aliguswa sana. Si kila mtu amejaliwa mjomba anayejali kiasi hiki.

"Mkwe anaulizia tairi kubwa," mjomba alisema siku moja. "Zile pana kabisa."

Fundi alikataa. Kuvisha kigari kidogo tairi kubwa ni kuivunja difu kwa makusudi, maana mzigo wote unaishia kwenye meno yake. Kwanza zije ekseli ngumu zaidi. Meno ya difu yabadilishwe, yawe ya kuvuta polepole lakini kwa nguvu. Bomba la pumzi la difu lipandishwe juu ili maji yasiingie, na chini ya tumbo lifungwe bamba la chuma. Tairi ni mwisho kabisa, tena za wastani. Mjomba alinuna. Akasema atajaribu kumshawishi mkwe, lakini je, rangi ya chungwa inawezekana?

Huku nyuma binti alikuwa amechoka. Alimpigia fundi simu kumuuliza atakwenda lini nyumbani kwao, naye akajibu kwamba gari bado.

"Kwani hilo gari ni muhimu kuliko mimi?" binti aliuliza.

Fundi alimwonea huruma. Maskini, hata babake mwenyewe hamjui. Akamwambia avumilie kidogo, na binti akakata simu. Baadaye ukaja ujumbe: aje Jumapili hii, au asije tena.

Fundi alijifungia gereji na kigari. Alifunga ekseli, akapanga meno ya difu, akabana bamba, akapaka hata ile rangi ya chungwa. Jumamosi mjomba alikichukua asubuhi, na jioni kikarudi kizima. Fundi alimulika kila kona kwa tochi na hakuona tone la oili. Nusura alie. Mjomba naye macho yalimlengalenga machozi.

"Mkwe amefurahi mno," mjomba alisema, akameza mate. "Ila sasa anataka winchi, ile ya kujivuta kwa kamba akikwama. Mbele."

Fundi aliweka spana chini. Alimpenda mjomba wake na alimwogopa baba mkwe, lakini Jumapili aliiogopa zaidi. Asubuhi yake alivaa shati jeupe, akasugua kucha mpaka zikauma, akapiga moyo konde na kwenda mwenyewe, bila kumuaga mjomba.

Mlango ulifunguliwa na mzee mfupi, mwembamba, mwenye miwani na kopo la kumwagilia maua. Fundi alimwamkia na kumwaga yote kwa pumzi moja: ekseli ni mpya, difu haivuji, winchi anaomba wiki moja tu, lakini binti anampenda na tafadhali asinyimwe.

Mzee alimtazama kwa upole, akamshika mkono, akamwingiza ndani na kumwita mkewe aje amwone mgeni.

"Sisi tulikubali siku ileile ya kwanza, mwanangu," alisema. "Tumekungoja mpaka tumechoka. Lakini kila tukimpigia mjomba wako, anasema huwezi kuja mpaka umalize kumtengenezea gari lake. Vipi, limepona?"