Bafu la Mwanawe

Pua ya mama mkwe ilimpeleka moja kwa moja hadi kwenye bafu la mwanawe, lile ambalo bwana mkubwa huyo hakupenda kuchangia na mtu. Akapiga magoti mbele ya tundu la sakafuni.

"Tumemwaga kila dawa, mama," mke wa mwanawe alisema kutoka mlangoni. "Hata mume wangu leo alipokuwa anaoga kalalamika."

"Achana na dawa. Niletee jagi la maji."

Akayamimina taratibu. Yakagugumia huko chini, yakatulia, na uvundo ukaacha kupanda.

"Bomba limejikunja hapo chini ili lishike maji, na maji ndiyo yanayozuia uvundo," alisema, bado kapiga magoti. "Hayakauki mpaka bafu likae wiki na wiki bila mtu kuoga."

Mkwewe akainamisha kichwa.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Kaondoka lini?"

Mama mkwe akajizoazoa, akaliendea begi lake sebuleni, akarudi na taulo begani na sabuni mkononi.

"Siku akirudi atanikuta," alisema, akafungulia maji hadi mwisho. "Haya, nifungie mlango, nioge."