Kibanda cha Mwisho

Kibanda pekee kilichobaki kwenye maonyesho ya barabarani kilikuwa cha mwisho kabisa, mbali na watu. Hamdu alikitazama, akazifikiria zile pesa walizoweka kwa ajili ya kuezeka nyumba.

"Mama Rehema, huku nani atafika?" alimuuliza mkewe. "Si tuendelee tu kumpelekea achari mwenye duka?"

Mwanasiti aliingia kibandani. Miaka yote achari yake ilikuwa ikiuzwa kwa jina la huyo mwenye duka. Akaweka chupa moja mezani, akaifungua. Harufu ya embe na pilipili ikawafikia mafundi waliokuwa wakipigilia mbao vibanda vya jirani. Mmoja wao akasogea, akaonja, akafumba macho.

"Hii kaitengeneza nani?"

"Mimi," alisema. "Mwanasiti binti Kombo."

Hamdu hakuwahi kumsikia mkewe akilitaja jina lake kwa sauti kubwa namna ile. Akajikuta anatabasamu, huku mkono ukienda mfukoni kutafuta kodi ya kibanda. Alipoinua kichwa, mafundi walikuwa wameziweka nyundo chini na kujipanga, kila mmoja amekunjua kiganja, na Mwanasiti anawagawia kijiko kwa kijiko.