Mikeka ya Uani

Tangu ardhi ianze kuitikia salamu, Mhadhiri Mghoi hafundishi tena ukumbini. Huwapeleka wanafunzi wake wa chuo kwenye msitu wa mababu zake, akavua viatu, akataja ukoo wake, na udongo ukamkaribisha kwa sauti za waliozikwa humo.

"Hivi ndivyo mwenyeji anavyojulikana," huwaambia. Wengine hulia.

Nyumbani, mama yake ametandika mikeka ua mzima, hataki mtu akanyage chini. Mghoi alidhani ni uzee tu. Jana alikunja mkeka mmoja, akakanyaga, akataja ukoo.

Waliitikia watu wengi, kwa lugha asiyoijua.

"Wanasema nini, Mama?"

Mama, aliyewasikiliza miaka yote hiyo, aliutandika mkeka upya.

"Wanauliza wageni wanaondoka lini."