Mwanga Uliozidi

Zaituni alikuwa anajifunza kurekebisha picha kwenye kompyuta, na somo la leo lilikuwa mwanga. Alikuja na picha ya marehemu mama yake, amesimama kibarazani na khanga mpya, nyuma yake mlango wazi na giza totoro ndani.

"Polepole, dada," alisema fundi Makame. "Mwanga ni kama chumvi, ukizidi unaharibu."

Lakini mkono wa mwanagenzi hauna breki. Zaituni aliuvuta mwanga mpaka mwisho, uso wa mama ukawa mweupe kama chokaa.

"Umeiunguza! Rudisha!"

Hakurudisha. Mle mlangoni alikuwa ametokea mwanamume. Baba yake alifariki Zaituni, mtoto wao wa pekee, akiwa bado ananyonya, wala hakuacha picha. Walisema akiiona kamera hujificha. Basi ndipo alipokuwa amejificha, kamkumbatia mtoto mchanga, ili mama apigwe picha bila khanga kukunjamana.

"Nani huyo?" Makame aliuliza taratibu.

"Alhamdulillahi," alijibu Zaituni, akikisogelea kioo. "Kumbe alinibeba."

Kiguu kidogo kilikuwa kimechomoza kwenye nguo, na kiganja cha yule mwanamume kimekifunika, kisipigwe na baridi.